Chuma Kilicholinda Chumba Chako

Mwanangu Idi,

Salamu tumeshapeana asubuhi, tena kikavukavu kama wapangaji wawili wanaopishana mlango wa choo, kwa hiyo hapa nazivuka. Umekwenda Temeke kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hakuachii mpaka ule ubwabwa, na ukimaliza akuongeze kwa nguvu. Basi nina muda. Cherehani nimeisukuma pembeni, nimekaa barazani na karatasi zangu, jua bado lipo.

Ya blanketi, ya mafuta ya kupaka, ya kutokula biskuti za kupewa na jirani wa kwenye basi, hayo sikuandikii. Umeyasikia mpaka masikio yamekuchoka, na blanketi lenyewe nimelishindilia kwenye begi, ulitake usilitake. Mbeya kuna baridi. Haya, nimesema siandiki na nimeshaandika. Ndivyo nilivyo, utanivumilia.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya chuma.

Usikunje uso. Najua tangu siku ile ya kisomo hilo neno hatulitaji humu ndani. Tunazungumza chumvi, tunazungumza umeme umekatika, tunazungumza nauli, chuma hatukigusi. Kesho unaondoka kwenda kuendesha gari la kusambaza soda huko Mbeya, na mie sitaki uondoke na kinyongo changu kwenye begi pamoja na blanketi. Nitakueleza tangu mwanzo kama mtu asiyejua, hata yale unayoyajua. Nimegundua nikiyapanga tangu mwanzo ndipo ninapoona wapi niliyapindisha.

Ulikuwa darasa la pili. Baba yako alikuwa ameshatutangulia, nyumba ametuachia bado haina plasta. Huku kwetu Kimara barabara ya mtaa ilikuwa vumbi na mashimo, na magari yaliyokuwa yanashuka kilima yalikuwa yanashuka kwa adabu. Lami ilipokuja tulifurahi wanawake wote, tukapiga vigelegele, mie nikawakatia wale vibarua tikitimaji. Hakuna aliyewaza kwamba kona imekaa palepale kwenye ukuta wetu, na kwamba gari likiwa kwenye lami haliombi radhi. Masika yale yale pikapu ya mchanga ikashindwa kona ikaingia chumbani kwako. Wewe ulikuwa na homa, ulilia tangu mchana unataka kulala kwangu, na mie nilikuwa nimekukatalia mara kadhaa nikisema mtoto wa kiume hadekezwi. Mwisho nikachoka, nikakubali. Matofali yalijaa kwenye kitanda chako. Mto wako niliutoa chini yake umepasuka, pamba imechanganyika na kokoto.

Sikulia siku ile. Nilikasirika. Nilimkasirikia dereva, nikaikasirikia lami, nikamkasirikia na baba yako kwa kujenga pale, Mungu amrehemu. Kesho yake nikaenda kwa Fundi Selemani, yule wa kuchomelea, nikamwambia nataka chuma kwenye pembe ya nyumba, chuma ambacho hata lori likija litajuta. Akacheka. Alileta bomba nene kutoka kwa watu wa skrepa, akachimba shimo linalomfika kiunoni, na kila akitaka kuacha namwambia chimba. Akalijaza zege mpaka juu. Alipomaliza akajifuta jasho akasema, "Mama Idi, hiki ulichotaka si chuma. Huu ni ugomvi." Nikamwambia ndiyo, na mie ndiye niliyeuanza.

Nilikipenda chuma kile, sikufichi. Kila ikikaribia sikukuu ya Idi nilikuwa nakipaka rangi nyeupe kabla sijapaka hata mlango. Nilifunga kamba ya kuanikia nguo. Watu wa bodaboda wakawa wanaelekezana, "unashuka mpaka kwa Mama Idi, kwenye chuma." Wewe ulikuwaga unakiegemea ukitoka madrasa, unanisubiri nitoke sokoni na ufunguo. Bajaji moja iliwahi kukikwaruza, nikatoka nje mikono kiunoni kana kwamba nimeshinda kesi.

Na ulilala usingizi, mwanangu. Hilo silifuti. Miaka yote ile mvua ikinyesha nilikuwa nageuka kitandani nasema, chuma kipo, halafu nalala.

Sasa masika ya mwaka huu. Wewe ulikuwa chuo cha udereva, mie nilikuwa hapahapa nilipokaa, nashona sare za harusi za wale mabinti wa Mbezi. Ilikuwa mchana. Mvua ilikuwa imekatika, imetuachia mchanga kwenye kona kama kawaida. Gari dogo jeupe likaja linashuka. Watu walisema baadaye kwamba yule kijana alikuwa anakimbiza. Hakuwa anakimbiza, Idi. Mie niliona, na sikuwahi kumsahihisha mtu. Lilifika kwenye mchanga, nyuma kukakimbilia mbele, likaanza kuserereka kuja kwetu kwa ubavu, taratibu, kama kabati linalosukumwa sakafuni. Nilipata nafasi ya kuwaza. Na nilichowaza, nakuandikia kama kilivyokuwa, niliwaza: chuma kipo. Nikatulia. Mguu wangu hata haukutoka kwenye pedeli ya cherehani.

Kishindo chake kilikuwa kifupi. Halafu kimya, wipa tu zinaendelea kufuta kioo ambacho hakina mvua.

Nilipofika, mbele ya gari ilikuwa nzima. Taa zinawaka. Nikamshukuru Mungu, nikasema huyu atatoka. Nikazunguka upande wa dereva. Mlango ulikuwa umekikumbatia chuma, na chuma kilikuwa kimeingia mahali alipokaa yeye. Sitaandika zaidi ya hapo. Alikuwa na macho mazuri, umri wako. Mkono mmoja ulikuwa huru, nikapitisha wangu kwenye dirisha nikaushika. Akaniangalia akaniuliza, "Mama, nimegonga mtu?" Nikamwambia hujagonga mtu, mwanangu, hakuna mtu. Akasema, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Akafumba macho kama aliyepunguziwa mzigo. Vijana walipokuja na mitaimbo ya kuvutia mlango, mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa hauhitaji tena kushikwa.

Jioni uliporudi ulikwenda ukasimama pale muda mrefu. Ukaja jikoni ukanieleza, na ulinieleza kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Ulisema mbele gari lina boneti, lina injini, lina mahali pa kujikunja kabla halijamfikia mtu. Ubavuni kuna bati la mlango na kioo, halafu mtu. Ukasema ukuta ungempokea kwa ubavu mzima wa gari, matofali yangebomoka, pengine angetoka amevunjika mkono. Chuma kimechukua uzito wote wa gari kimeuweka mahali pamoja, mlangoni kwake. Nikakwambia nyamaza ule, chakula kinapoa.

Nje watu walikuwa wanakisifia. Baba Neema mwenye duka alikipigapiga kwa kiganja kama anavyopigwa ng'ombe mnene, akasema, "Bila hiki saa hizi tungekuwa tunafukua ukuta. Hakijainama hata kidogo." Kweli hakikuinama. Rangi ndiyo ilikuwa imebanduka kidogo. Mama Neema akanishika bega akasema, "Mungu akubariki, Mama Idi, kwa kile chuma." Nikaitikia amina. Wawili watatu wakaulizia Fundi Selemani anapatikana wapi, na wao wanataka cha kwao. Nikawaelekeza.

Nikaenda msibani, Tabata. Hili hulijui. Nilikwambia nakwenda kufuata vitambaa, lakini nilivaa baibui nikaenda, nikakaa jamvini na wanawake wenzangu kama jirani tu wa huko kwenye ajali. Mama yake alikuwa amekaa pembeni ya ukuta, mwembamba, hana machozi. Kila anayeingia anampa mkono na anamuuliza kitu kimoja. Ilipofika zamu yangu, akanishika mkono, ule ule nilioupitisha dirishani, akasema, "Dada, wewe unatoka Kimara. Wanangu wamelipiga picha gari, mbele halina kitu. Hata taa haikuvunjika. Sasa mwanangu amekufaje?"

Nilikuwa na jibu, Idi. Ulikuwa umenipa wewe jikoni. Nikasema, "Kazi ya Mungu, dada." Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia hivyohivyo siku nzima. Nikarudi jamvini, pilau ikaletwa, nikala. Tangu siku ile tonge likinikwama kooni ndilo hilo.

Kwa kuwa sikumjibu pale, nilipata wapi mdomo wa kusema huku kwetu? Maneno yakaanza kwamba kona ina mambo, kwamba kuna kitu kinakaa pale kinataka damu. Yaliponifikia sikuyapinga. Nitakwambia ukweli, yalinifaa. Mjumbe akapitisha mchango wa kisomo, mie nikajitolea kupika. Wakaja maustadhi, akaja na mchungaji wa kanisa la hapo juu, maana ajali haichagui dini. Mbuzi akaletwa. Na mbuzi mwenyewe akafungwa kwenye chuma, kwa sababu ndipo penye kamba. Watu wamezunguka wameinua mikono, wanaomba shetani wa kona aondoke, na mbuzi anakizunguka chuma mpaka kamba imeisha. Damu yake ikamwagwa palepale chini.

Ndipo ukasema. Hukupaza sauti, ila kulikuwa na kimya. "Jamani, hapa hakuna shetani. Tatizo ni chuma cha mama yangu. Kingetolewa."

Ustadhi mdogo akakitazama chuma, akanitazama mie, akaendelea kukunja msala wake. Na mie mwiko ukiwa mkononi nikakwambia, mbele ya watu wote, "Hicho chuma ndicho kilichokulea. Kama unakionea haya, na mie nionee haya, uniondokee." Jioni ukasema utaondoka, na siku utakayorudi ukakuta chuma bado kipo, hulali humu ndani. Tangu hapo unakula kwa mama ntilie, mie nafunika sahani yako, asubuhi naifunua nawapa kuku.

Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli, hilo limeshapita. Kuna jingine, na hili nimelijua juzi tu, nilipokuwa nakunja nguo zako. Nilikuwa nakunja shati lako lile la bluu, nikainua macho dirishani nikakiona chuma, nikawaza kwamba ukishaondoka kitakuwa kinalinda kitanda kitupu. Nikakaa chini na shati mkononi. Miaka yote ile nyumba hii ina chumba cha nyuma. Kina magunia ya vitambaa na mapazia mabovu. Kitanda chako kingehamishwa mchana mmoja, na mimi na wewe tungekibeba. Sikuwahi kulifikiria, mwanangu, hata siku moja. Nilikuwa na hofu, na mwenye hofu anataka kitu kigumu asimamishe mbele yake. Nilitazama upande wa kitanda chako tu. Upande wa pili wa chuma sikuwahi kusimama mpaka siku niliposimama huko nikiwa nimeshika mkono wa mtu.

Ndiyo maana nakuandikia na sikuambii kwa mdomo. Kwa mdomo ningejitetea.

Unakwenda kwenye barabara ndefu. Sijui gia, sijui breki inakanyagwaje, na wewe umefundishwa. Ila nimekaa baraza hii miaka mingi nikishona, na kila gari lililopita hapa nimeliona kwa ubavu. Nyie madereva mnakaa mnatazama mbele, kwenye kioo na boneti, mnajiona mmefunikwa. Mie nawaona kutokea huku. Ubavuni mko uchi. Nawaona viwiko vimetoka dirishani, nawaona watoto wameegemea mlango wamelala. Ukifika kona yenye mchanga au maji, mkumbuke mama yako amekaa upande huo anakuona, upunguze mwendo kabla ya kona. Ukishaingia kwenye kona umechelewa, ulinifundisha mwenyewe.

Na njiani utaona vyuma. Utaona nguzo za umeme, utaona mapipa ya zege mbele ya maduka, reli zimesimikwa kwenye pembe za nyumba zimepakwa rangi nyeupe na nyekundu kama za harusi. Usitukane. Nyuma ya kila kimoja kuna mtu kama mie, na kuna kitanda. Watu hawajakiweka ili kikuue wewe. Hawakukuwaza kabisa, na hapo ndipo penye kosa. Ukipata mahali pa kusimama ukamkuta mwenye nyumba, ukawa na muda, mwambie ulivyoniambia mie jikoni, kwa upole ule ule. Atakujibu vibaya. Mwambie tu.

Juzi nilikwenda tena kwa Fundi Selemani. Nikamwambia kitoe. Akanitazama, akaniuliza kama naumwa. Akasema hakitoki, mimi mwenyewe ndiye niliyemfanya achimbe mpaka kiunoni, labda akate kwa grainda usawa wa ardhi. Nikamwambia kata. Baba Neema aliposikia akaja juu, kwamba nikikata magari yatakuja dukani kwake, na sikumuona mjinga, ana watoto wanaolala nyuma ya kaunta. Tumebishana mpaka nimekaukiwa mate. Mwisho tumekubaliana pawekwe matairi mabovu yajazwe mchanga, yapangwe mawili mawili mbele ya kwangu na mbele ya kwake. Fundi anasema gari likija matairi yatasogea nalo, yatalipokea. Ukuta unaweza ukaumia, ukuta hujengwa. Mjumbe nimemganda habari ya matuta kule juu, na akinikwepa nitamfuata mpaka chooni. Mvua ikikatika nitakuwa natoka na fagio na sepetu nauondoa ule mchanga mwenyewe. Sina uhakika kama haya yanatosha. Sijalala vizuri, na mvua za vuli zinakuja. Hofu yangu iko palepale, sijaikata na grainda.

Chuma wamekikata leo, ulipotoka tu kwenda Temeke. Cheche zilikuwa zinaruka mpaka barazani. Kilichukua muda, kilikuwa kigumu kweli, Fundi alikuwa anapumzika anakitukana. Kilipoanguka watoto wa mtaa walipiga makofi, mie nikaingia ndani nikalia, na nisikufiche, nililia kama mtu aliyepoteza kitu chake. Ukirudi usiku huu usinyooshe mkono gizani kutafuta pa kuegemea, utaanguka. Na usiende chumba cha barabarani. Kitanda chako kiko nyuma, nimekitandikia shuka langu la harusi, kule mbele nimeweka mkaa na ndoo. Chumba ni kidogo, kinanuka vitambaa, lakini ndicho chako, na ukirudi likizo utalala humo.

Sahani yako nimeifunika. Hata kama umeshiba ubwabwa wa bibi, ule kidogo.

Kesho alfajiri nakusindikiza mpaka stendi ya Mbezi. Nitakuaga bila kelele, nakuahidi, na pengine nisitimize. Basi lako likishatoka sirudi nyumbani. Nitavuka barabara nipande gari la Tabata. Yule mama aliniuliza mwanawe amekufaje wakati gari mbele halina kitu, na mie nimemwacha na swali lake tangu masika. Nitamwambia ni chuma, na chuma kilikuwa changu. Akinifukuza nitatoka. Lakini kabla hajanifukuza nitamwambia kitu ambacho ni chake, nimekaa nacho mie muda wote huu kwa kuwa ningekisema angejua nilikuwa wapi: kwamba mwanawe hakuulizia gari, wala hakulalamika maumivu, aliuliza kama amegonga mtu, na kwamba kuna mtu alikuwa amemshika mkono akamjibu hapana.

Mama yako.